Mvumo wa G: pawasaplai iliyomaliza ugomvi wangu na fundi mitambo

Kwa miaka minne gitaa langu lilikuwa na noti moja ambayo sikuipiga mimi. Bendi ikinyamaza kumpisha MC amtaje bibi harusi, spika zinabaki zinavuma mmmmm, na fundi mitambo anainua macho kunitazama mimi. Hamtazami mpiga kinanda wala mpiga besi. "Kaka, gitaa lako linaimba lenyewe." Wageni wa meza za mbele wanageuka, nami nainama kama vile nafunga kamba za viatu.

Napiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Ijumaa na Jumamosi tuko baa, harusi na sendofu zikipatikana tunakwenda, na Jumapili nipo kanisani. Pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa, ninazo tano: tyuna ya Boss TU-3 ya kupimia noti, Ibanez TS9 ambayo ni ovadraivu ya kukoleza, korasi ya Boss CH-1 ya kunenepesha sauti, dilei ya Boss DD-8 inayoirudiarudia, na riverbu ya Boss RV-6 inayoipa mwangwi wa ukumbi. Ridhimu ya dansi bila korasi ni wali bila nazi, utalika lakini watu wataulizana.

Ule mvumo niliutafutia jina siku moja mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Niliacha nyuzi, nikapandisha sauti, nikaweka simu yenye programu ya tyuna mbele ya spika. Ikaandika G, imepanda kidogo. Nilicheka peke yangu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unatikisika mara 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye daiodi za kuunyoosha, mabaki yake yanabaki yakitikisika kwa hezi 100. Sasa bonyeza freti ya tatu ya uzi mnene kuliko wote: hiyo G ni hezi 98. Ndiyo maana nyimbo zetu za G zilikuwa salama, mvumo ukijificha ndani yake. Tukihamia F shapu kumfuata mwimbaji mgeni, balaa. Wenzetu wa Marekani wana umeme wa hezi 60, mvumo wao unaangukia kati ya B flati na B, mahali ambapo hakuna wimbo wetu hata mmoja unaoishi. Wana bahati yao.

Kiongozi wa bendi, mzee aliyeanza kushika gitaa enzi za bendi za mashirika ya umma, alikuwa na maelezo yake. "Mwanangu, sisi tulichomeka gitaa kwenye ampu, basi. Hayo masufuria uliyoyapanga chini ndiyo yanayolia." Shikamoo yake nampa kila siku, na kwenye hili alikosea nusu tu. Masufuria hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa jiko.

Jiko lenyewe, yaani pawasaplai inayozilisha pedali umeme, lilikuwa kisanduku cheusi chenye matundu kumi na taa za bluu za kupendeza, nilichokinunua kwa elfu themanini. Jina silitaji, na hata nikilitaja halitakusaidia, maana kisanduku kilekile utakikuta dukani kina majina matano. Juu ya boksi kilijisifu kwa Kizungu kwamba kila tundu limetengwa na mwenzake. Hilo ndilo neno nililolilipia.

Fundi wangu wa redio alihitaji dakika mbili kuonyesha kwamba nilidanganywa. Naandika alivyofanya, kwa sababu kipimo hiki unaweza kukifanya hata ukiwa umesimama kaunta, muuzaji akikuruhusu. Kisanduku kiwe hakijachomekwa kwenye umeme. Chomeka nyaya mbili kwenye matundu mawili tofauti. Weka mita ya umeme kwenye ile alama ya mlio, ncha moja iguse chuma cha ndani ya shimo la plagi ya kwanza, ambako ndiko hasi ilipo, ncha nyingine chuma cha ndani cha plagi ya pili. Mita ikikaa kimya, matundu yametengana. Ikilia piii, ni ndugu wa tumbo moja, yanagawana waya mmoja wa hasi, na maneno ya kwenye boksi ni mapambo. Changu kililia kwa matundu yote kumi. "Hii ni ekstensheni, kaka," fundi akasema, "wameivalisha suti."

Kwa nini kutengana kuwe na uzito wote huo? Kebo ya gitaa kutoka pedali moja kwenda nyingine ina waya wa ndani unaobeba sauti, na ganda la nje ambalo ni njia ya hasi. Pedali zikilishwa umeme kutoka chungu kimoja, zinaungana hasi mara ya pili, kupitia nyaya za umeme. Njia mbili kati ya pedali zilezile zinafanya duara, na duara hilo ni antena: linaokota mvumo wa kila transfoma iliyo jirani. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba dilei na riverbu zangu ni kompyuta ndogo, ndani yake mna saa inayogonga mamilioni ya mara kwa sekunde, na takataka za saa hiyo zinarudi kwenye waya wa umeme. TS9 ipo palepale, kazi yake ni kukuza chochote inachopewa. Inakuza na takataka. Ndiyo ule mlio mwembamba kama mbu unaousikia ukikanyaga ovadraivu, hata gitaa likiwa limefungwa sauti. Tundu lililotengwa kwelikweli lina njia yake ya hasi, haligusani na jirani isipokuwa kwa kebo ya sauti pekee. Duara halipo, na mbu hana pa kupita.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha lakini kwamba mgonjwa ni pawasaplai. Toa pedali zote, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye ampu. Mvumo ukibaki, si wa kisanduku. Zunguka na gitaa lako pale uliposimama: ukiongezeka ukitazama upande mmoja na kupungua ukitazama mwingine, hizo ni pikapu za koili moja, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti, zinaokota umeme wa hewani, na hakuna pawasaplai duniani itakayokutibu.

Na kuna dawa moja ya mtaani ambayo naomba uikatae hata ukipewa na mtu unayemheshimu: kung'oa pini ya waya wa ardhi kwenye plagi ya ampu ili mvumo uishe. Mvumo unaisha, ni kweli. Kisha siku ampu ikivujisha umeme, nyuzi za gitaa lako ndizo zinabeba umeme, na mdomo ukigusa maikrofoni wewe ndiye waya wa ardhi. Nimemwona mwimbaji akirushwa nyuma na shoti ya maikrofoni katikati ya wimbo. Watu walipiga makofi, walidhani ni staili.

Turudi kwenye kununua. Kosa la kwanza la wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ni kuhangaika na miliampea, kipimo cha wingi wa umeme unaopita, na kusahau mengine. Miliampea ni kama maji ya simtanki: kuwa na tanki la lita elfu moja hakukulazimishi kunywa lita elfu moja. Pedali inachukua inachohitaji, mradi tundu lina uwezo wa kuifikia. Jumlisha zangu uone. TS9 haifiki 10. Korasi kama 20. DD-8 ni 65, RV-6 ni 95, na tyuna nikiiwekea mwanga mkali wa kuonekana juani inakwenda 85. Jumla haifiki hata 300. Kisanduku changu cha taa za bluu kilikuwa na uwezo huo na chenji ikabaki, na bado kilivuma.

Pale kilipokwama kwa uwezo ni Pasaka, kanisani, nilipoazimwa riverbu kubwa ya Strymon BigSky. Dude hilo linataka miliampea 300 peke yake, na matundu ya kisanduku yalikuwa ya 100. Likawa linawaka, linazima, linawaka, kama taa ya bajaji. Kwa hiyo usitazame jumla iliyoandikwa juu ya boksi, tazama kila tundu linatoa ngapi.

Volti ndizo zisizosamehe. Pedali ya volti 9 ipe 9. Rafiki yangu alichomeka dilei yake kwenye adapta ya laptopu ya volti 19 kwa sababu plagi iliingia vizuri. Iliingia, ndiyo, na moshi ukatoka vizuri vilevile. Tazama na alama ya plagi: pedali nyingi, zikiwemo za Boss na Ibanez, zinataka hasi katikati na chanya nje, kinyume cha adapta nyingi za nyumbani. Zile fazi za zamani, pedali za kukwaruza sauti, zenye transista za jamaniamu, nyingi wamezigeuza, chanya ndiyo inakaa ardhini, na ukiziweka kwenye waya mmoja wenye matawi pamoja na wenzake unatengeneza shoti. Halafu kuna pedali za zamani zilizoandikwa volti 9 za AC, umeme wa kubadilika kama ule wa ukutani. Hizo zitafutie adapta yake, usibahatishe. Na adapta ya redio iliyoandikwa volti 9 ipime kwanza. Yangu ya zamani, bila mzigo, mita ilisoma 13.

Betri? Kwa TS9 ni sawa kabisa, tena kuna watu wanaapa sauti yake ni tamu zaidi. Kwa riverbu inayokula 95 utakuwa unanunua betri ya mraba karibu kila onyesho, na ukipewa feki, hata kabla ya mapumziko.

Nilipoanza kutafuta cha kudumu, cha kwanza kupatikana kilikuwa Voodoo Lab Pedal Power 2 Plus, mali ya shemeji wa mpiga tumba wetu aliyerudi kutoka Marekani. Chombo cha heshima, matundu manane yaliyotengwa, ndani transfoma ya duara nzito kama tofali. Nilikuwa nimeshahesabu pesa nilipokigeuza na kusoma nyuma: volti 120. Hapa kwetu ni 230. Kisanduku cha transfoma cha namna hiyo hakina huruma, ukikichomeka ukutani Sinza kinakufa hapohapo. Toleo la 230 lipo, lakini lile halikuwa lenyewe, na kubeba stepdauni, transfoma ya kushusha volti, kila onyesho kwa ajili ya pedali tano sikuweza. Kama unaagiza kwa ndugu aliye nje, hilo ndilo swali la kwanza la kumpigia simu. Mwambie atafute maandishi ya volti 100 hadi 240.

Mwenye pedali tatu za analogi, zisizo na kompyuta ndani, simshauri anifuate nilikokwenda. Achukue Truetone 1 Spot, adapta moja yenye miliampea 1700 inayokubali umeme wa nchi yoyote, na waya wake wa matawi. Matundu hayajatengwa, lakini korasi, ovadraivu na fazi ya kawaida hukaa pamoja bila ugomvi. Strymon Zuma niliitamani, matundu tisa, kila moja miliampea 500. Ila kwangu ilikuwa kununua daladala kubeba watu watano.

Nikaishia kwenye CIOKS DC7, kazi ya Wadenmark. Ndugu yangu anayeishi Ujerumani aliibeba kwenye begi, na mpaka inafika mkononi ilikuwa imenila laki nane na kitu. Mke wangu anajua laki nne. Naandika hapa kwa imani kwamba hana habari na mambo ya pedali.

Ni bamba jembamba la inchi moja, linaingia chini ya ubao wangu ambao fundi seremala wa Keko alinitengenezea kwa mbao za kitanda. Matundu saba, na kila moja unalichagulia volti: 9, 12, 15 au 18. Kwa volti 9 kila tundu linatoa miliampea 660. Ukipanda volti zinapungua, kwa 18 unapata 330, kwa kuwa nguvu ni ileile inagawanywa tofauti. BigSky ya Pasaka iliyofuata ilikaa tundu moja na halikutoka jasho. Lipo na tundu la USB la volti 5, ampea moja.

Siku inafika nilifanya kipimo cha fundi kabla ya kuifuta vumbi la safari. Tundu la kwanza na la pili, kimya. La pili na la saba, kimya. Nilipitia jozi zote ishirini na moja, nimeketi sakafuni saa tano usiku, mita ikiwa bubu. Kisha nikachomeka pedali, nikafungua ampu, nikakanyaga TS9. Kulikuwa na ule mvumo mdogo wa pikapu zangu za koili moja, ambao niliupunguza kwa kugeuza kiti. G ilikuwa imeondoka. Mbu pia.

Sasa nina mwaka mmoja na miezi miwili nayo. Lalamiko langu la kwanza ni vile viswichi vidogo vya kuchagulia volti. Ni raha kuwa navyo, na ndiyo maana vinanitia hofu: kijana anayetusaidia kupanga vyombo ana vidole vyenye udadisi, na 18 ikiingia kwenye dilei ya 9 sina laki nyingine za kumficha mke wangu. Nimebandika gundi ya karatasi juu yake na kuandika USIGUSE. La pili, haitoi AC hata tundu moja, kwa hiyo mwenye dude la zamani la AC atabaki na adapta yake pembeni. La tatu ni matengenezo. Kisanduku cha transfoma fundi wa mtaani anakifungua na kukirudishia uhai. Hiki cha kielektroniki, fundi wangu alikitazama, akakirudisha mezani kwa mikono miwili, akasema, "Hii omba Mungu isife."

Lile tundu la USB mwimbaji wetu aliligundua wiki ya kwanza. Simu yake yenye mashairi yote inakaa inaning'inia kwenye ubao wangu wa pedali, na akiitaka katikati ya wimbo anainama miguuni kwangu. Wageni wanadhani ananipigia goti kwa jinsi ninavyopiga. Sijawasahihisha.

Ilipojipatia heshima yote ni kwenye jenereta. Tulikuwa harusini Kigamboni, umeme ukakatika saa mbili, likawashwa jenereta moja la kulisha friji za vinywaji, taa za kumbi na sisi. Nilipima soketi: friji zikiwa zinaanza, mita ilishuka mpaka 180. Mpiga solo wetu anatumia kisanduku cha transfoma cha kizamani. Tyuna yake ikafifia, na sauti yake ikaanza kuvuma kila friji inapoamka, kwa sababu transfoma ikipewa kidogo inatoa kidogo, na kidhibiti volti kinakosa pa kujishikilia. Chombo kinachokubali kuanzia volti 100 kwake 180 ni chakula cha kutosha. Pedali zangu hazikujua kama kuna jambo.

Umeme kushuka si tatizo kwake, ila kupanda kupita kiasi ni jambo jingine, na huku kwetu unapanda, hasa ule unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kwa hiyo nikaweka friji gadi mbele yake, kile kifaa cha soketi kinachokata umeme usipokuwa sawa. Wazo zuri, nililinunua elfu thelathini, likanidhalilisha wiki hiyohiyo. Umeme ulipepesa mara moja tu, kufumba na kufumbua. Wenzangu wakarudi, mpiga besi akashika, tumba zikaingia, solo ikaanza kupanda sebene. Mimi nikapiga kimya. Friji gadi limetengenezwa kumlinda kompresa wa friji, kwa hiyo umeme ukirudi halimwamini mtu, linakaa dakika tatu na taa yake ya njano likitafakari. Dakika tatu za sebene bila ridhimu. Mzee kiongozi alinigeukia, akatazama mikono yangu inayokwenda na kurudi bila sauti, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa ushahidi aliokuwa akiusubiri miaka minne.

Jumatatu nikalirudisha dukani na kuongeza kidogo nichukue TV gadi, ambalo kazi yake ni ileile lakini linasubiri nusu dakika tu. Nusu dakika tumeshakubaliana na mpiga tumba: akiniona nimeinua mkono, anaijaza yeye.